Vipepeo njia ya Ganda hadi Gede: ukishalitazama ua, geuza na jani

Pedeli_Taratibu (mwanzisha uzi)

Wenzangu wa Malindi, Watamu, Mambrui na kwengineko, hamjambo. Masika yamepungua, njia za ndani zimeanza kukauka, nami nimerudi kwenye baisikeli. Jumamosi nimeona jambo ambalo nataka kulisema lote, kwa hivyo mnivumilie kwa urefu.

Nilitoka nyumbani saa moja na nusu asubuhi. Njia yangu ni ile ile ya kila wiki: naelekea Ganda, naiacha barabara ya kwenda Kakoneni, naingia vijia vinavyopita baina ya mashamba ya mahindi, mihogo na mikanju, najikokota hivyo mpaka nitokee Msabaha, halafu Gede. Si njia ya mbio. Pana mchanga unaomeza tairi, pana mizizi ya mikanju iliyokatiza njia, na ukikutana na mtu aliyebeba kuni lazima ushuke umpishe. Miaka miwili naipita nimeinamisha kichwa, macho kwenye gurudumu la mbele.

Jumamosi mnyororo ulichomoka. Nikaipindua baisikeli, nikachutama pembeni kuurudisha, na hapo chini ndipo nilipoona kuwa nimezungukwa.

Baina ya mahindi na mchanga wa njia palikuwa na ukanda wa majani, upana wake hatua mbili tu. Tikini, ile mboga ya kienyeji, ilikuwa imechanua kote. Wagiriama huiita futswe, na wengi wenu mnaijua zaidi sufuriani kuliko shambani. Ua lake ni dogo, jeupe, na mdomo wa chini una doa la zambarau. Kati yake palikuwa na mchunga wenye maua ya njano, na kishona nguo, ambacho mpaka sasa sijamaliza kubandua mbegu zake kwenye soksi. Na juu ya maua hayo, vipepeo. Nilitofautisha aina saba kabla mafuta ya mnyororo hayajanikauka mikononi.

Alikuwapo mweusi mwenye doa la buluu la duara kwenye kila bawa la nyuma, buluu inayong'aa kama kigae kipya. Jina lake la kisayansi ni Junonia oenone. Alikuwapo ndugu yake wa njano, Junonia hierta. Walikuwapo weupe wadogo wenye ncha nyekundu kana kwamba wamechovya mabawa kwenye rangi. Yule mkubwa mweusi wa madoa ya njano wa kwenye midimu alipita mara mbili bila kutulia. Na wengine wa rangi ya kutu, ambao nitarudi kwao.

Wengi wao walikuwa wakinywa. Kipepeo hana meno. Ana mrija mrefu anaouviringa chini ya kichwa, na akitua huunyoosha mpaka ndani ya ua. Lakini yule wa doa la buluu hakuwa akinywa. Alikuwa akishuka chini ya maua, anagusa jani kwa miguu, anaruka, anagusa jengine. Kipepeo huonja kwa miguu. Alipofika kwenye jani la tikini alilolikubali, aliukunja mkia chini, akakaa nukta mbili tatu, akaondoka. Nikaligeuza lile jani. Palikuwa na yai moja la kijani, dogo kuliko punje ya uwele.

Nilikaa pale saa nzima na mnyororo wangu mkononi. Siku zote nilidhani kipepeo ni wa maua. Ua ni chakula cha mkubwa tu. Mtoto wake hali ua, anakula jani, tena si kila jani. Aina nyingi zimechagua mimea michache, na mama asipoupata hatagi. Kwa hivyo unaweza kuwa na bustani iliyojaa maua ya kununua, vipepeo wakaja kunywa na kwenda zao, wala asizaliwe hata mmoja pale. Tikini yetu inatoa vyote viwili, kinywaji juu na malisho chini.

Sasa sikilizeni lililoniuma. Mbele kidogo, baada ya kona ya pili, ukanda kama ule ulikuwa umefyekwa mpaka udongo na kuchomwa moto. Jivu bado lilikuwa jeupe. Nilisimama nikangoja dakika kumi, na saa zilikuwa nzuri na jua zuri. Hakupita hata mmoja. Mahindi yalikuwa yale yale, udongo ule ule, mwendo wa dakika tatu kwa baisikeli.

Najua kufyeka kuna sababu zake na simlaumu mwenye shamba. Ila nauliza: lazima iwe pembe zote kwa wakati mmoja, tena mwezi ule ule ambao kila kitu kimechanua?

Leteni mliyoyaona nyie.

---

MamaMboga_Maweni

Pedeli, asante mwanangu, umenigusa kazini kwangu. Mimi nauza mboga za kienyeji, na tikini naichuma huko huko Ganda kwa ruhusa ya wenyewe. Naichanganya na mchunga kwa sababu mchunga peke yake ni mchungu, halafu nauza mafungu. Mtu akaweka tui la nazi, akala na sima, hataulizia nyama siku hiyo.

Nataka nikwambie kitu kuhusu kuchuma. Sisi hatung'oi. Unakata ncha kwa kucha, vidole viwili. Tikini ukiikata ncha inatoa matawi mawili pale ulipokata, na kila tawi litatoa maua yake. Kwa hivyo ukanda unaochumwa una maua mengi kuliko usiochumwa. Anayeharibu ni yule anayekuja na panga akijaza gunia kwa dakika tano.

Sasa swali. Mara nyingi kwenye majani yale nakuta viwavi weusi, wana miiba mwili mzima, wa kutisha. Nimekuwa nikiwaponda kwa kandambili nikidhani ni viwavi vya kuwasha. Ni hao?

---

Pedeli_Taratibu

Shikamoo mama. Ndio hao hasa. Weusi wa miiba yenye matawi juu ya tikini ni watoto wa yule wa doa la buluu, au wa mwenzake mmoja nitakayemwelezea. Miiba ile haiwashi, ni ya kumtisha ndege. Mimi nimewashika kwa mkono na sikupata kitu. Wa kuogopa ni wale wenye manyoya marefu kama brashi, hao wengi wao ni watoto wa nondo na baadhi huwasha vibaya. Wale waacheni, msiwaguse.

Mama, ukimkuta kwenye jani, liweke jani lile kando, urudishe kichakani. Hatakula mpaka akumalizie fungu.

---

MamaMboga_Maweni

Marahaba. Nimewaua wengi, Mungu anisamehe. Kuanzia kesho nawarudisha.

---

Shamba_Mijomboni

Nimesoma yote na sikubaliani na yote. Nyinyi mnapita na baisikeli mnafurahi, sisi tunabaki na hasara.

Mwaka jana niliotesha miche 40 ya ndimu. Ilikuwa imefika gotini, majani mororo. Nilisafiri kwa matanga siku tano, niliporudi nikakuta vijiti. Viwavi wanono, wa kijani, ukiwagusa wanatoa pembe mbili za rangi ya chungwa kichwani na harufu kali inayokwama puani. Huyo ndiye mtoto wa kipepeo wenu mzuri mweusi wa madoa ya njano. Nilinunua dawa nikapiga. Nifanye nini, nimsomee mashairi?

Na huo ukanda wa hatua mbili mnaousifu, mimi ndani yake nimeshawahi kutoa fira. Nina watoto wanaopita hapo kwenda shule.

---

Pedeli_Taratibu

Kaka, maneno yako ni ya haki, na ndio maana nilisema simlaumu mwenye shamba. Miche 40 si mchezo. La nyoka nakubali moja kwa moja: karibu na nyumba na njia ya watoto, fyeka. Mimi nazungumzia pembe za mbali, zile za mpakani ambazo watu huzichoma kwa mazoea tu.

La ndimu nakuachia anayejua kuliko mimi. Najua humu kuna watu wa Gede.

---

Kijana_wa_Pupa

Nimeitwa, nimekuja. Mimi nimelelewa na pupa, yaani kiwavi aliyekwisha kujifunika ganda akingoja kugeuka kipepeo, na sisemi hivyo kwa mapambo. Mamangu ni miongoni mwa wafugaji wa vipepeo kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, na ada yangu ya sekondari sehemu kubwa ilitoka kwenye vizimba vya neti nyuma ya jikoni.

Kaka wa Mijomboni, huyo wako anaitwa Papilio demodocus. Nikueleze maisha yake ujue pa kumkamata. Mama hutaga yai moja moja, la njano iliyofifia, kwenye majani machanga. Ndio maana hupenda miche na machipukizi. Akianguliwa, mtoto anakuwa wa kahawia na doa jeupe mgongoni, sawasawa na kinyesi cha ndege, na ndege humpita wakidhani ni kinyesi. Watu pia humpita. Akikua hubadilika kuwa kijani, na hapo ndipo wewe humuona, ila keshakula nusu ya mche. Zile pembe za harufu ni silaha dhidi ya siafu na ndege. Hazina sumu kwako.

Mdimu mkubwa haudhuriki naye. Mti wenye majani elfu hautetereki kwa viwavi kumi. Mche wa gotini ndio unaokufa. Kwa hivyo kagua miche kila baada ya siku mbili asubuhi, itafute ile "kinyesi cha ndege" iliyolala juu ya jani, uichukue na jani lake ukaiweke kwenye mti mkubwa. Miche 40 ni kazi ya robo saa. Ukiweza kufunika miche kwa neti mpaka ivuke kimo cha mtu, ndio bora zaidi. Dawa inaua pia nyuki wanaousaidia mdimu huo huo kuzaa.

Sasa kuhusu ufugaji, kwa wasiojua. Mradi wa Kipepeo ulianzishwa mwaka 1993, ofisi zake ziko pale pale langoni mwa magofu ya Gede, na aliyeuanzisha ni mwanasayansi Ian Gordon. Wakati ule wengi wa kando ya msitu waliuona msitu kama ardhi iliyozuiliwa bure, maana ndovu na nyani walitoka humo kula mazao yetu na sisi hatukupata kitu. Wazo lilikuwa kwamba mwanakijiji akamate mama wa kipepeo, amweke ndani ya kizimba chenye mmea anaoutaka, atage, viwavi walishwe majani mpaka wawe pupa, na pupa ndiye anayeuzwa. Wanafungwa kwa pamba ndani ya sanduku na kupelekwa kwa ndege Ulaya na Marekani, kwenye nyumba za vipepeo ambako watu hulipa kiingilio kuwatazama wakitoka. Lazima wasafiri haraka. Pupa hangoji karatasi za forodha. Siku yake ikifika anatoka, na akitoka ndani ya sanduku mabawa hukunjamana na hafai tena.

Kazi kubwa kwetu haikuwa kukamata vipepeo. Ilikuwa kupata majani. Kila aina na mti wake, na miti mingine haipatikani nje ya msitu. Mamangu alianza kupanda miti ya mwituni nyuma ya nyumba, jambo ambalo babu yangu hakulielewa kabisa, maana yeye maisha yake yote alikuwa akiing'oa. Msitu ukikatwa, majani hakuna, na pupa hakuna. Hilo hatukuhitaji kuelezwa na mtu.

Msitu wenyewe una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na ndio mkubwa kuliko yote iliyobaki ya aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Aina za vipepeo zilizoorodheshwa humo zinapita 250.

Pedeli, kitu kimoja cha kuongeza. Umesema "vipepeo na maua", lakini wale wakubwa wa fahari wa msituni, jamii ya Charaxes, hawana haja na maua. Hao wanataka ndizi iliyooza, utomvu wa mti uliochacha, hata kinyesi cha mnyama. Sisi tunawatega kwa ndizi mbovu ndani ya neti ya mviringo inayoning'inizwa mtini. Anaingia kwa chini, akishiba anaruka juu, hapati njia. Ukipita na baisikeli kando ya msitu, usitazame maua tu. Tazama pia chini ya mwembe maembe yaliyoanguka.

---

Shamba_Mijomboni

Kumbe ile kinyesi cha ndege ni yeye. Nimekaa na ndimu miaka kumi na sikujua. Kesho asubuhi nakwenda kukagua, nimeotesha mingine 25.

---

Mwana_wa_Amu

Huku Amu hatuna njia ndefu za baisikeli kama zenu, mjini ni vichochoro na punda. Lakini nina ushahidi wa kuleta.

Kuna mahali nyuma ya mji, njia ya kuelekea mashamba ya minazi, punda husimamishwa kungoja mizigo. Ardhi pale imelowa mkojo, mwenye pua ajizibe. Nimepita pale saa nne asubuhi nikakuta vipepeo weupe na wa njano iliyofifia, hamsini au zaidi, wamejipanga juu ya tope kama waumini safuni, mabawa yamefungwa. Nilipopita wote waliinuka wakanizunguka, kisha wakarudi pale pale. Hakuna ua hata moja.

Nilimsimulia bibi yangu, akasema wanakunywa. Nikakataa. Je, ni kweli?

---

Pedeli_Taratibu

Bibi amesema kweli, mpe salamu zangu. Wanakunywa chumvi. Maji ya maua yana sukari tele lakini chumvi ni chache, na madume ndio wanaoitafuta kwenye tope, jasho na mkojo. Sehemu ya chumvi ile humpa jike wakati wa kupandana, ikaingia kwenye mayai. Mimi wameshanitua kwenye mpini wa baisikeli mahali mikono ilipotoa jasho.

Wale wa njano iliyofifia, nadhani ni Catopsilia florella. Hutaga kwenye mimea ya jamii ya mjohoro. Kuna misimu hupita kwa mafuriko, wote upande mmoja, siku nzima, kama wameitwa. Nilishawaona wakivuka Mto Sabaki nikiwa darajani, nikasimama mpaka dereva wa lori akanipigia honi.

---

Mwana_wa_Amu

Bibi amefurahi mno. Ameniambia niwakumbushe kwamba kipepeo akiingia nyumbani, mgeni yu njiani, na mtu asimfukuze kwa ufagio.

---

Zambarau_Gongoni

Samahani kuingilia. Pedeli, ulisema utarudi kwa wale wa rangi ya kutu. Mimi huku Gongoni nawaona kila siku, rangi ya kutu, ncha nyeusi na mabaka meupe. Wanaruka polepole hata mtoto anawakamata. Mbona ndege hawawali?

---

Pedeli_Taratibu

Hilo ndilo lililonikalisha chini saa nzima, dada.

Mnaujua ule mti mfupi wa mchangani, majani mapana ya kijivu, ukiuvunja unatoa maziwa meupe, na tunda lake ni kama puto la kijani? Watoto huambiwa wasijipake machoni, na ni kweli, maziwa yale hudhuru jicho. Huo na jamaa zake ndio chakula cha kiwavi wa Danaus chrysippus, rangi ya kutu. Anakula sumu ile bila kudhurika na kuihifadhi mwilini. Ndege akimla mara moja anatapika, na hataisahau rangi ile. Ndio maana anaruka polepole. Hana wa kumkimbia.

Sasa kuna mwengine, Hypolimnas misippus. Jike wake amevaa nguo ile ile: kutu, ncha nyeusi, mabaka meupe. Hana sumu aliyoichukua kwenye mti wa maziwa. Huyu mtoto wake hula tikini, ndiye yule mwenzake niliyemwambia mama wa Maweni. Anaishi kwa kufananishwa. Na dume lake halifanani naye hata kidogo: jeusi, lina madoa makubwa meupe yaliyozungushiwa rangi ya buluu na zambarau inayometa kulingana na jua. Mtu angeapa ni aina mbili tofauti.

Kuwatenganisha, ngoja atue afungue mabawa, utazame bawa la nyuma. Mwenye sumu ana vidoa vyeusi vitatu au vinne katikati ya bawa. Mwigaji ana kimoja tu, ukingoni kwa juu. Jumamosi kwenye ukanda ule wa hatua mbili niliwaona wote wawili juu ya kichaka kimoja cha kishona nguo, nikawa nainama kama mtu anayetafuta sarafu.

---

Zambarau_Gongoni

Nimetoka nje sasa hivi na simu. Wa kwanza ana vidoa vinne! Wa pili amekataa kutua.

---

Fundi_Spoku

Mimi nachangia upande wa chuma, kwa kuwa naona mtajaa njiani wikendi.

Njia za Ganda zina mbigili msimu huu. Ule mmea unaotambaa, ua la njano dogo, na mwiba wake una pembe pande zote. Utapata pancha mbili kabla ya Msabaha. Bebeni pampu, viraka na tyubu ya akiba. Kwenye mchanga mzito punguzeni upepo kidogo kwenye matairi, mtaelea. Mkirudi lami jazeni tena. Mwenye baisikeli ya karia nzito asikanyage pedeli kwa hasira mchangani, mnyororo utachomoka kama wa Pedeli. Na baisikeli yake najua, meno ya nyuma yameisha, nilimwambia tangu Ramadhani.

Kuhusu kuwasogelea vipepeo, nimejifunza kwa kukosea. Usifike na baisikeli mpaka pale. Shuka hatua kumi kabla, uilaze, uende kwa miguu polepole. Kivuli chako kisimwangukie; kikimpita tu anaruka. Saa nzuri ni saa tatu hadi saa tano. Mapema zaidi utawakuta wamefungua mabawa wakiota jua, hawajapata joto la kurukia, na hapo ndipo picha ni rahisi. Adhuhuri wanajificha. Msiwashike mabawa, ule unga unaobaki kidoleni ndio rangi yao, ni magamba madogo, na hayaoti tena.

Atakayeingia msituni kwenyewe na baisikeli aingie kwa kufuata taratibu za langoni na awe na mwongozaji. Mle muna ndovu, na njia ni nyembamba.

---

Mpanda_Maua_Shela

Naomba ushauri. Mimi nina ua dogo Shela ya Malindi, na nimepanda lantana kwa sababu vipepeo wanaipenda mno. Jirani ananiambia niing'oe. Nani mkweli?

---

Kijana_wa_Pupa

Jirani. Naelewa unachokiona, kwa sababu wanakunywa pale kweli. Lakini lantana si ya kwetu, asili yake ni Amerika, ndege wanakula matunda yake na kuitawanya, na ikishaingia kando ya msitu inaota kichaka ambacho chini yake hakioti kitu. Hata ng'ombe akila majani yake anaumwa. Na kwa karibu vipepeo wetu wote, mtoto hawezi kuila. Pale kwako unawapa kinywaji tu, na kwengine unawaondolea malisho.

Weka tikini pembeni, haitaki hata kumwagiliwa sana. Weka mdimu mmoja, na uukubali kuwa utatobolewa majani. Ukiwa na nafasi mchangani, mswaki, huu huu tunaopigia meno. Katika jamii ya Colotis, ile ile ya wale weupe wenye ncha za rangi, kuna aina zinazotaga juu yake.

---

Mpanda_Maua_Shela

Nimekubali. Tikini naipata wapi, mbegu au mche?

---

MamaMboga_Maweni

Usinunue, mwanangu. Njoo kwangu sokoni, nitakupa vishina vyenye mizizi kidogo. Ukivichomeka kwenye udongo uliolowa vinashika wenyewe. Na ukishavuna chakula, uniletee nionje.

---

Shamba_Mijomboni

Nimerudi na ripoti. Miche 25: nimepata tisa wa "kinyesi cha ndege" na mayai manne. Nimewahamishia mwembe... samahani, si mwembe, mdimu wa zamani ulio kisimani. Binti yangu wa darasa la nne ndiye aliyewaona wengi, mimi macho yangu yanawapita. Sasa kila asubuhi ananiamsha.

Kuhusu ukanda. Nina pembe mbili, moja upande wa nyumba na moja upande wa bonde. Ya nyumba nimeifyeka, hilo halina mjadala. Ya bonde ndiyo niliyokuwa nataka kuichoma wiki hii. Nimeiacha. Nitaifyeka nusu baada ya kuvuna mahindi, na nusu nyengine vuli ikipita. Nikipata panya wengi nitarudi hapa kuwaambia, msinikasirikie.

---

Pedeli_Taratibu

Kaka, sina neno zaidi ya asante. Na panya wakija, uje useme, hilo pia tunataka kulijua.

Jumamosi hii natoka tena. Fundi amenibadilishia meno ya nyuma, kwa hivyo safari hii nitasimama kwa kupenda. Saa moja na robo njia panda ya Ganda, atakayefika aje na maji na kofia. Kama utaniruhusu, nitapinda kupitia Mijomboni nione pembe yako ya bonde.

---

Shamba_Mijomboni

Pitia. Chai ya tangawizi itakuwapo na mihogo ya kuchemsha. Binti ameniuliza kama unaweza kuja na kile kioo cha kukuzia, anataka kuliona yai.

---

Pedeli_Taratibu

Ninacho. Mwambie alitafute jani mapema, alifunge uzi mwekundu ili tusilipoteze.